Mlango Huu Unafunguka Upande Gani?

Ramani yangu ya kwanza ya chombo cha anga iliuawa na swali moja.

Tulikuwa watu watano mezani, tukicheza mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wa simulizi, na msimulizi wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kuchora sitaha nne za meli ya mizigo ya angani kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukihesabiwa mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Nilichora vitanda na mito yake. Nilichora hata madoa ya mafuta kwenye sakafu ya chumba cha injini. Milango ilikuwa vistari vifupi vinene, kila ukuta na kistari chake, maana watu lazima wapite.

Usiku ule, katika simulizi, kijiwe cha angani kilikuwa kimetoboa ghala la nyuma na hewa ilikuwa inavuja. Wahusika wakakimbilia mlango wa ghala ili waufunge. Mchezaji mmoja, mtu mzima aliyefanya kazi ya ufundi kwenye meli za baharini kwa miaka mingi, akaweka kidole juu ya kistari changu.

"Mlango huu unafunguka upande gani?"

"Unateleza, mzee. Unaingia ukutani."

"Ukuta upi?"

Nikatazama. Kushoto kulikuwa na tangi la maji limeegemea ukuta. Kulia, nusu mraba tu kutoka pale, kulikuwa na mlango mwingine. Mlango wa kuteleza wenye upana wa mita moja unadai mita moja ya ukuta mtupu wa kujifichia, na mimi sikuwa nayo. Nikageuza maneno: una bawaba. Akauliza unafungukia wapi. Nikasema ghalani, ili usizibe korido, na nikajiona nimefikiri.

"Basi wote wamekufa, kijana. Hewa ya korido inakimbilia ghalani. Mlango uko ghalani. Upepo wote unausukuma uzidi kufunguka, na wewe unataka kuuvuta ukipingana na upepo huohuo. Utaweza?" Kabla sijajibu akatupa la pili: "Na injini ikiwashwa, kikombe kilicho juu ya meza hii kinaangukia wapi?"

Mchezo uliishia hapo. Hakuna aliyekasirika, lakini hakuna aliyeiamini tena meli yangu, na mimi wa kwanza.

Nilianza na kikombe, kwa sababu nilidhani ndilo swali jepesi. Meli yangu ilikuwa imelala kama basi: chumba cha rubani mbele, injini nyuma, sakafu ndefu katikati. Nadhani wengi wetu huchora hivyo kwa sababu vyombo tunavyovijua, gari, ndege, mashua, vyote hulala. Lakini vyombo hivyo huvutwa na dunia iliyo chini yao. Huko angani, mbali na sayari yoyote, kinachokupa uzito ni injini yenyewe: inasukuma meli mbele, meli inakusukuma wewe, na wewe unahisi kuvutwa nyuma. "Chini" ni kule iliko injini. Injini ikisukuma kwa nguvu ya kutosha kukupa uzito uleule ulio nao duniani, korido yangu ya mita 48 kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, inageuka kisima chenye kina cha mita 48. Nilipiga hesabu: anayeachia mkono juu ya kisima hicho anafika chini baada ya sekunde tatu hivi, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Kikombe cha mzee kingeondoka mezani, kikapita mlangoni, na kwenda kupasukia kwenye ukuta wa injini pamoja na kila mtu aliyekuwa akielekea jikoni.

Na ile milango ya vyumba vya kulala! Niliipanga kando ya korido, kumi na miwili, yote ikiteleza kuelekea tezi ili kufunguka. Injini ikiwashwa, yote inaanguka wazi kwa pamoja. Nikaigeuza iteleze kuelekea omo ili kufunguka, nikadhani nimeokoka. Sasa injini ikiwashwa yote inajifunga kwa kishindo, na mlango wa kilo sitini unaoanguka mita moja hauulizi kidole cha nani kiko kwenye fremu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yale maswali mawili ya mzee yalikuwa swali moja. Mlango ni kitu kizito kilichoruhusiwa kusogea. Usipojua uzito unaelekea wapi, hujui mlango wako utafanya nini utakapouacha.

Dawa yake ni kuisimamisha meli kama ghorofa: injini chini, rubani juu kabisa, sitaha zikipandana moja juu ya nyingine kama sahani. Ukishaichora hivyo hata mara moja tu, ile ya basi inaanza kukuchekesha.

Kosa lililofuata lilinigharimu siku nzima, nalo lilikuwa la kijinga. Nilijiuliza: meli inapopunguza mwendo ili ifike salama, si kila kitu kitageuka, sakafu iwe dari? Nikaanza kuchora samani darini. Kumbe meli haina breki mbele. Inachofanya ni kuzima injini katikati ya safari, kujigeuza, kuelekeza injini kule inakokwenda, kisha kuiwasha tena. Injini bado iko chini ya miguu yako, na sakafu ni ileile. Kwa safari ya kilomita milioni 75 kwa msukumo wa uzito kamili wa dunia, ungetumia kama siku mbili, na kati ya siku hizo ni dakika chache tu za kugeuka ambazo vitu vingeelea. Enda tezi na omo, marejeo ngamani: methali hii ya mabaharia nimeiandika juu ya meza yangu ya kuchorea, kwa sababu zangu mwenyewe.

Ghorofa ina ugonjwa wake, nao ni shimo la ngazi. Nililichora shimo moja lililonyooka kupita sitaha zote kumi na sita, na kwa kufanya hivyo nilikuwa nimekirudisha kile kisima cha mita 48 nilichokikimbia. Siku hizi kila tundu la ngazi nalihamisha upande mwingine wa sitaha: unashuka, unatembea hatua kadhaa, unashuka tena. Anayeanguka anaanguka mita tatu, anavunjika mguu, simulizi inaendelea. Wachezaji wanalalamika kwamba njia ni ndefu, na kweli ni ndefu, lakini korido fupi zenye kona huzaa mikutano ya ghafla, na mikutano ya ghafla ndiyo mchezo wenyewe.

Basi ikabaki hewa.

Shinikizo la hewa tuliyoizoea, lile la usawa wa bahari, ni kama kilopaskali 101. Namba hiyo haikuwahi kunishtua hadi nilipoizidisha kwa eneo la mlango. Mlango wa mita moja kwa mbili, wenye hewa upande mmoja na utupu upande wa pili, unabeba msukumo sawa na uzito wa tani ishirini. Hata tofauti ndogo ya kilopaskali moja, ambayo masikio yako yangeihisi kidogo tu, ni sawa na kilo mia mbili zimeegemea mlango huo. Kwa hiyo shujaa wa simulizi anayeufungua kwa bega mlango ulio mbele ya utupu ni uongo, na anayeufunga kwa bega ni uongo vilevile. Kinachowezekana ni kuifanya hewa yenyewe iwe mfanyakazi wako. Ukiuweka mlango upande wenye hewa, ufungwe kwa kuelekea upande unaovuja, upepo utaubamiza kwenye fremu na shinikizo litaukaza kuliko komeo lolote. Ndiyo maana milango mingi ya ndege za abiria imetengenezwa kama kizibo: ndege ikiwa juu, hewa ya ndani inaikaza.

Lakini kizibo kina sumu yake. Tarehe 27 Januari 1967, katika jaribio lililofanyika ardhini, moto ulizuka ndani ya chombo cha anga cha Marekani, Apollo 1, kikiwa kimejazwa oksijeni tupu. Mlango wa ndani ulifungukia ndani. Moto ulipandisha shinikizo, na shinikizo likaubana mlango kiasi kwamba hakuna mikono ingeuvuta. Wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walifia humo. Baada yake mlango uliundwa upya ufungukie nje na kwa sekunde chache. Niliposoma habari hiyo nikiwa na penseli mkononi, nilikaa kimya kwa muda. Mlango uliokuwa sahihi kwa utupu ulikuwa kaburi kwa moto. Hakuna upande mmoja wa kufungukia ulio salama kwa kila ajali, na anayechora anachagua ni ajali ipi anaiogopa zaidi katika chumba kile. Chumba cha injini naogopa moto. Ghala naogopa kutobolewa.

Kwa viambaza vikubwa, zile kuta zinazoigawa meli katika vipande vinavyoweza kuishi peke yake, uchaguzi ni mgumu kwa sababu hujui ni upande upi utatoboka. Hapo nimekubali kutumia mraba mzima: naweka milango miwili, mmoja ukikaa upande huu na mwingine upande ule, na nafasi ya mita moja na nusu kati yake. Upande wowote ukivuja, mlango mmoja unakazwa na hewa iliyobaki. Faida nyingine sikuitegemea: ile nafasi ya katikati ni chumba kidogo cha kubadilishia hewa, mtu akivaa vazi lake anaweza kupita kwenda kuokoa waliobaki. Kwenye kila mlango naandika pia vali ya kusawazisha hewa na kidirisha. Bila vali, mlango uliokazwa haufunguki hadi mwisho wa dunia, na bila kidirisha mtu anafungua asichokijua.

Ukubwa wa chumba cha kubadilishia hewa nilijifunza kwa Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, tarehe 18 Machi 1965. Chumba chake kilikuwa mfuko wa kupulizwa wenye kipenyo cha ndani cha kama mita moja. Vazi lake lilivimba kwenye utupu, ikabidi apunguze hewa ndani ya vazi ili aweze kurudi, na akaingia kichwa mbele ilhali alitakiwa kutanguliza miguu. Kisha ilimbidi ajigeuze humo ndani ili mlango ufungwe. Kabla ya hapo vyumba vyangu vya aina hii vilikuwa mraba mmoja, kwa sababu mtu mmoja husimama kwenye mraba mmoja. Sasa ni miraba minne, na ninapochora najiuliza kama mtu aliyevimba anaweza kuzunguka.

Halafu kuna nyaya. Tarehe 25 Juni 1997, chombo cha mizigo cha Progress kiligonga kituo cha anga cha Urusi, Mir, na kutoboa sehemu iitwayo Spektr. Hewa ikaanza kutoka. Wafanyakazi walikimbilia tundu la kuingilia Spektr wakakuta haliwezi kufungwa, kwa sababu nyaya zilikuwa zimepitishwa mlangoni. Ilibidi wachomoe na kukata, hewa ikipungua, ndipo wakaweka kifuniko kutoka upande waliokuwa, na shinikizo likakibana mahali pake. Tangu nisome hilo, kila waya na bomba ninalochora linapita kwenye tundu lake la ukutani lenye kizibo, na mlango unabaki mtupu. Nilijivunia sana sheria hii. Katika mchezo uliofuata, wachezaji wangu, dakika ya ishirini, waliburuta kebo ya umeme kutoka chumba cha mitambo kupita milango mitatu ili kuchaji roboti. Sikusema kitu. Nilisubiri.

Kuhusu Titanic nitasema kwa kifupi tu, kwa kuwa kila mtu anaijua: viambaza vyake havikupanda juu vya kutosha, na maji yakamwagika kutoka chumba hadi chumba kupita juu yake. Nilikagua ramani zangu nikakuta njia ya kupitishia hewa safi imekatiza darini kwenye meli nzima bila kizuizi hata kimoja. Milango ishirini isiyopitisha hewa, na juu yake bomba ambalo mtu mwembamba angeweza kutambaa ndani yake.

Sehemu iliyoninyima usingizi zaidi ni gurudumu. Kama meli inasafiri miezi na injini imezimwa, uzito utatoka wapi? Unaizungusha. Wazo hili ni la zamani: mhandisi wa roketi Wernher von Braun alipendekeza mwaka 1952 kituo cha umbo la gurudumu chenye kipenyo cha kama mita 76, kikizunguka mara tatu kwa dakika, ambacho kingetoa kama theluthi ya uzito wa dunia. Sakafu ni ukingo wa nje, kichwa chako kinaelekea kitovuni, na unapotembea mbele korido inapinda juu mbele yako na nyuma yako.

Gurudumu langu la kwanza lilikuwa na nusu kipenyo cha mita 12, kwa sababu karatasi iliishia hapo. Hesabu ikaniambia kwamba ili kupata uzito kamili lizunguke karibu mara tisa kwa dakika, na kwamba kichwa cha mtu mrefu kingekuwa na uzito pungufu kwa asilimia 15 kuliko miguu yake. Kasi hiyo ingewatapisha watu kila wanapogeuza shingo. Mizunguko miwili kwa dakika ni ya starehe zaidi, lakini inataka nusu kipenyo cha mita 224, na meli yangu ilikuwa ya mizigo, haikuwa mji. Nikakaa katikati: mizunguko minne, mita 56. Wafanyakazi wazoefu wangezoea.

Nikachukua karatasi ya miraba nikachora vyumba vya mita kumi kufuata ukingo, kuta sambamba, sakafu bapa, mlango kila mwisho wa chumba. Ilipendeza. Kisha nikaichora ileile kutoka ubavuni, na kila kitu kikaharibika. Sakafu bapa ndani ya duara ni kamba iliyokata upinde: katikati yake iko karibu zaidi na kitovu kuliko miisho. Kwa chumba changu, katikati palikuwa juu kuliko miisho kwa sentimita 22. Kwa hiyo mpira uliowekwa katikati ya chumba ungebingirika kuelekea mlango mmoja au mwingine, na maji yaliyomwagika, kalamu, viatu, watoto, vyote vingeishia mlangoni. Kuta nazo hazikuwa sambamba, maana kila ukuta unaelekea kitovuni; kwenye dari la mita mbili na nusu chumba kilikuwa kimepungua karibu nusu mita.

Na mlango wenyewe? Ukuta wa mwisho umesimama wima kwa kipimo cha mahali pale, lakini sakafu bapa inapanda kutoka hapo kwa nyuzi tano. Mlango wa sentimita 90 unaofungukia ndani unakwaruza sakafu kabla haujafika nusu. Ungehitaji kuukata sentimita nane chini, na mlango uliokatwa sentimita nane chini hauzuii hewa wala panya. Ukiipinda sakafu ifuate duara, pengo linalohitajika linashuka hadi chini ya sentimita moja, ambalo kizingiti cha kawaida kinalimeza. Nilitumia siku nne kufika kwenye sentimita moja hiyo, na sijutii hata saa moja. Hakuna mchezaji aliyewahi kuuliza.

Kuna mambo ambayo wachezaji huyaona, hata hivyo. Ukingo wa gurudumu hilo unakwenda mita 23 na nusu kwa sekunde. Ukikimbia mita tatu kwa sekunde kufuata mzunguko, unakuwa mzito zaidi kwa robo na zaidi kidogo. Ukikimbia kinyume chake, unapungua karibu robo. Anayekimbizwa akijua hilo anachagua upande. Mlango wa upande wa mwendo mwepesi unafikiwa kwa kuruka hatua ndefu, wa upande wa pili unafikiwa kwa magoti yanayolia. Sasa nachora mshale mkubwa wa mzunguko kwenye kila ukurasa, na nimeona wachezaji wakiugusa kwa kidole kabla ya kusema "nakimbia".

Spoku, zile njia zinazounganisha ukingo na kitovu, nazo zina siri. Anayeshuka kuelekea ukingoni anasukumwa kwenye ukuta ulio nyuma ya mzunguko, anayepanda anasukumwa kwenye ule wa mbele. Ni ile nguvu ya Coriolis, inayomsukuma ubavuni anayesogea ndani ya kitu kinachozunguka. Kwa ngazi ni kidogo, ila kule juu karibu na kitovu, ambako uzito wenyewe ni kidogo, inatosha kukubandua. Kwa hiyo ngazi ni mbili, ya kupandia ukuta wa mbele, ya kushukia ukuta wa nyuma, ili usukumwe kwenye ngazi badala ya kusukumwa kutoka kwenye ngazi. Lifti inayokwenda mita tatu kwa sekunde ingewaegemeza abiria ubavuni kwa robo ya uzito wao. Mlango wake basi siuweki kwenye ukuta wanaoegemezwa. Nauweka kwenye moja ya kuta mbili zisizosukumwa na yeyote.

Kitovuni hakuna uzito, na milango ya huko ni viumbe wengine kabisa. Usukume mlango, nao unakusukuma wewe kurudi ulikotoka. Zungusha gurudumu la kufungia, nawe unazunguka kinyume chake. Nilikuwa nachora milango hiyo bila kitu chochote pembeni, kana kwamba wahusika wana mizizi. Sasa kila mlango wa kitovuni una vishikio viwili na mahali pa kuchomeka mguu, pande zote mbili za ukuta. Wala haina haja uwe na umbo la mtu aliyesimama. Tundu la duara la sentimita 80 linamtosha anayeelea, na likiwa na hewa upande mmoja tu linabeba tani tano badala ya ishirini. Kilichonishangaza ni kwamba hata huko watu wanataka juu na chini. Kwenye Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973, kulikuwa na sehemu iliyopangwa vifaa kuzunguka ukuta wote bila upande wowote kuwa juu, na wanaanga hawakuipenda. Karakana kubwa iliyokuwa na sakafu na dari kama chumba cha kawaida iliwatuliza. Kwa hiyo napaka sakafu rangi nzito, dari rangi nyepesi, naweka taa juu, hata pale ambapo neno "juu" ni heshima tu.

Wengine wataniuliza kwa nini nisiweke tu sakafu zenye uvutano wa kubuni na nilale mapema. Nimefanya hivyo mara mbili. Swali likahamia kizingitini: uvutano wa chumba hiki unaishia wapi na wa chumba kile unaanzia wapi? Mlango ukisimama mpakani, nusu yake inavutwa huku nusu kule. Na umeme ukikatika nani anaelea, na injini ikiwa bado inawaka nani anaanguka? Ubuni haukunipunguzia kazi, ila ulinipa ruhusa ya kuchagua majibu, na niligundua kwamba nachagua vibaya nisipokuwa na hesabu ya kunishika shati.

Mwezi uliopita mzee alirudi mezani. Nilimtandikia meli mpya: ghorofa yenye gurudumu kifuani, kurasa kumi na moja. Kila mlango una mshale mwekundu wa uzito na mshale wa buluu wa hewa, bawaba zinaonekana, vizingiti vimepimwa, hata pale ambapo uzito hubadilika injini inapowashwa niliweka mishale miwili. Alizipitia kurasa zote polepole, akizigeuza, akifuata mishale kwa ncha ya kijiti. Kwenye viambaza vyenye milango miwili alitikisa kichwa kukubali. Nilikunywa chai yangu nikijifanya simtazami.

Kwenye sitaha ya saba alisimama. Chumba kimoja cha mraba mmoja, nilichokichora mwisho kabisa, usiku, nikiwa na usingizi.

"Hiki choo."

"Ndiyo, mzee."

"Mlango unafungukia ndani."

Nikaangalia mishale. Nyekundu ilikuwa sawa. Buluu ilikuwa sawa.

"Mtu akizimia humo," akasema, "ataangukia wapi?"

Nikaanza kutafuta ufutio.